Punje Mbili za Ubongo

Mimi sili samaki. Nimeishi Kindu, jimbo la Maniema, karibu maisha yangu yote, mto uko pale chini, wanawake hupita mlangoni kwangu asubuhi na mabeseni ya kambale, nami nawaambia waende zao. Anayeniuliza sababu namjibu kwamba samaki wa mto huu wanakula uchafu wa mji, na kwamba mimi ni mtu wa maabara, nimeona kwa hadubini vitu ambavyo yeye hajaviona. Basi ananyamaza. Watu huamini lolote linalosemwa na aliyevaa koti jeupe. Ni udhaifu wao, na nimeutumia miaka mingi bila haya.

Wanaonijua husema nina dharau. Sikatai. Siku mradi wa utafiti ulipofunguliwa hospitalini kwetu nilisimama nyuma ya ukumbi, nimekunja mikono, nikawasikiliza wakubwa wakihutubia mmoja baada ya mwingine. Kila mmoja alimshukuru aliye juu yake. Wa juu kabisa alimshukuru Mungu, na hakuna hata mmoja aliyetaja jina la ugonjwa uliotukusanya pale. Profesa mgeni alikaa mbele, mwembamba, mwekundu kwa jua, amevaa suruali ya mifuko mingi, mifuko kwenye paja, mifuko kwenye goti. Sikuwa nimewahi kumwona akitia kitu katika hata mmoja. Pembeni yake alikaa daktari wetu, mzaliwa wa hapahapa, mtu ambaye profesa akianza kucheka yeye huwa ameshamaliza. Kisha tukaitwa kula. Palikuwa na samaki. Nilikula wali mtupu, nikaondoka mapema.

Ugonjwa wenyewe unaitwa konzo. Jina limetoka kwa watu wa magharibi ya nchi yetu, na kwao lina maana ya miguu iliyofungwa. Mtu analala mzima, anaamka miguu imekakamaa, magoti yanagongana, visigino havishuki tena chini. Hauponi, wala hauzidi. Unatokana na muhogo mchungu ambao haukukaa majini siku za kutosha, ukiliwa wiki baada ya wiki bila nyama, bila samaki, bila maharagwe. Mama zetu walilijua hilo kabla ya profesa yeyote, ndiyo maana wanaloweka. Lisilojulikana ni kwa nini watu wawili wanakula chungu kimoja, mmoja anaanguka na mwingine anaendelea kutembea. Profesa alijenga mradi wake wote juu ya swali hilo. Alitaka ndugu wawili wawili, mgonjwa na mzima, waliokula pamoja. Angechukua kipande cha ngozi ya kila mmoja, akipeleke kwao ng'ambo, na kutoka katika ngozi hiyo aoteshe ubongo.

Daktari wetu hakuhitaji kutafuta mbali. Alinijua mimi, mfanyakazi wake wa maabara, na alimjua dada yangu.

Dada yangu amenipita miaka minne. Anaishi nami mtaa wa Mikelenge, chumba cha mbele, na anashona. Cherehani yake ni ya kuzungusha kwa mkono, kwa sababu ya kukanyaga hawezi. Tangu akiwa na miaka kumi na sita anatembea kwa fimbo mbili, kwa ncha za vidole, goti likisugua goti, na kutoka kitandani hadi mlangoni ni safari. Hajaolewa. Watoto wote wa mtaa wamevaa sare za shule zilizopita mikononi mwake.

Nilimkata ngozi mimi mwenyewe, kwa kile kisu cha duara kinachotoa kipande cha ukubwa wa punje ya mtama. Aliutazama mkono wake, akanitazama mimi.

"Katika nyama yote ya Maniema," akasema, "hawakuona ingine?"

Kisha daktari akanikata mimi. Vipande viwili viliingia katika vichupa viwili, vichupa katika sanduku la barafu, sanduku katika ndege. Zikabaki karatasi za maswali. Nilizijaza zote mbili, yake na yangu, kwa sababu mwandiko wangu ni mzuri na daktari alikuwa na mkutano. Swali moja liliuliza hivi: Katika wiki zilizotangulia ugonjwa, je, ulikula chakula kilekile alichokula ndugu yako? Nilitia alama kwenye Ndiyo.

Ulikuwa uongo, na sasa nieleze uongo wenyewe.

Katika miaka ya vita baba alibaki mjini kulinda nyumba. Mama, dada yangu na mimi tulivuka mto kwa mtumbwi na kukimbilia shamba la bibi yetu, upande wa njia ya Pangi. Bibi alikuwa ameshafariki, kilichobaki ni kibanda na muhogo. Mama alikuwa na mimba kubwa. Alijifungua katika wiki ya kwanza, na homa ya uzazi ikamlaza mkekani pamoja na mtoto. Hivyo kazi zikagawanywa. Dada yangu alichimba, alitwanga na kupika. Mimi nilikuwa mtu wa maji.

Muhogo mtamu ulikuwa umeshachimbwa na wenye silaha, waliokuwa wakiula mbichi njiani huku wakitupa maganda. Ulibaki mchungu. Ule unamenywa, unawekwa majini masiku manne, mpaka kidole kiingie bila kusukumwa. Ndipo unaanikwa, unatwangwa, unakuwa unga. Lakini wenye silaha walijua hilo pia, na walipita kwenye visima vya karibu na njia kukagua, kwa kuwa muhogo ulioloweka ni chakula ambacho mtu mwingine ameshakihangaikia. Kwa hiyo mama alinielekeza dimbwi la mbali, juu ya kijito, nyuma ya migazi ya mawese, ambako maji yanapita.

"Masiku ine," aliniambia kutoka mkekani. "Isipunguke. Kidole kiingie."

Nilikwenda kule mara moja. Katikati ya njia nilikuta ndala moja ya mwanamke, ya bluu, imekaa wima kabisa kana kwamba mguu umetoka sasa hivi. Siku chache kabla, tulisikia wanawake wawili wamechukuliwa njia hiyo. Niligeuka, nikarudi na kapu langu kichwani. Sikukanyaga tena njia ile.

Karibu na kibanda palikuwa na kidimbwi kidogo, maji yamesimama, kina chake hakifiki kiunoni. Niliutia muhogo humo, nikaufunika kwa majani. Na kwa kuwa niliogopa wenye silaha wangeukuta, niliutoa baada ya usiku mmoja. Nikaukatakata vipande vyembamba, nikauanika juu ya jiwe nyuma ya kichuguu, na kila siku nikakaa hukohuko mpaka saa ambayo mtu aliyetoka mbali angefika nyumbani. Siku ya tano nilileta kapu. Mama kutoka mkekani aliona vipande vikavu, vyeupe, vizuri. Alinisifu. Nilikuwa na miaka kumi na miwili na akili ya mwizi mzee.

Sasa samaki. Kila mtu wa kwetu anajua kwamba maji ya muhogo mchungu yanalewesha samaki. Katika maji yanayopita sumu inachukuliwa, lakini katika kidimbwi kilichosimama inabaki, na vijisamaki vinapanda juu, vinageuza tumbo, vinafungua mdomo. Kila nilipotia muhogo, kesho yake niliwakuta wanaelea, na kijito kilipofurika usiku kilileta wengine. Niliwaokota kwa mkono. Nilikuwa na kaa la moto katika gogo lililoungua shambani, nikawachoma, nikawala wote, na vichwa. Sumu ilikuwa mbele ya macho yangu, inaonyesha kazi yake waziwazi, nami nikaiona kuwa ni bahati.

Nyumbani walikula ugali wa unga ule kwa sombe, majani ya muhogo, bila mawese wala chumvi; dada yangu alishiba, mama alionja tu kwa sababu ya homa. Nisingeweza kuwapelekea samaki. Wangeuliza nimewapata wapi, kwa sababu katika dimbwi la mbali, lenye maji yanayopita, samaki hawalewi. Uongo wangu wa kwanza ulikaa juu ya wale samaki ukawazuia. Ikaendelea hivyo wiki sita, labda saba. Niliketi nao jioni, nikamega tonge langu kama wao, na vidole nilikuwa nimevisugua kwa mchanga.

Asubuhi moja dada yangu alisimama achukue mchi, akaanguka. Kwanza alicheka, alidhani miguu imekufa ganzi. Alijaribu tena, akaanguka tena, na mara ya tatu hakucheka.

Tulirudi Kindu kwa baba, mtoto mchanga mgongoni kwa mama, na mama aliishi miaka kadhaa. Alimpeleka dada yangu kwa waganga wa dawa za miti, kwa masheikh, kwa wachungaji pia ingawa sisi ni Waislamu, na wote walikuwa na sababu, na wote nawadharau hadi leo, hasa aliyesema ni kizuka cha mto. Mama mwenyewe alikuwa na swali moja tu. "Nilimupa nini mutoto wangu?" Alilisema akifua, alilisema akikatakata sombe. Katika ugonjwa wake wa mwisho nilikuwa ninamuuguza mimi, nimeshaanza kusomea kazi ya maabara, na aliniuliza mara kwa mara, "Uko na kitu ya kuniambia?" Nilimjibu, "Hapana, mama, lala." Nilidhani ni homa inasema.

Mradi ulipokwisha kukusanya ngozi, profesa alitaka mtu wa Kindu aende kwao miezi miwili ajifunze. Daktari alitaka kwenda yeye, lakini alihitajika mikutanoni, nikaenda mimi.

Mji ule ulikuwa na baridi na watu wenye adabu ya kuchosha. Waliniuliza kama nimewahi kuona sokwe. Niliwaambia nimewaona wawili uwanja wa ndege, mmoja akigonga muhuri, na hawakujua kama wacheke. Katika maabara yao walikunywa kahawa tangu asubuhi mpaka jioni na kuongea na vipande vya ubongo. Kweli kabisa, watu wazima, wenye shahada, wanainama juu ya kisahani na kusema habari za asubuhi.

Lakini kazi yenyewe, sitaidharau. Walikuwa wamezichukua seli za ngozi zetu na kuzirudisha nyuma mpaka zikawa changa, kama za mimba ya siku chache, zisizojua bado zitakuwa nini. Kisha wakazilea kwa dawa na subira, mwezi baada ya mwezi, zikawa seli za ubongo, zikashikana, zikakua. Nilipofika zilikuwa punje, kila moja ya ukubwa wa mchele, nyeupe, ikielea katika maji ya rangi ya waridi ndani ya kisahani. Visahani vilikaa katika kabati lenye joto la mwili wa mtu, juu ya sinia iliyoyumba polepole usiku na mchana. Namba saba ilikuwa dada yangu. Namba nane ilikuwa mimi.

Chini ya kila kisahani palikuwa na nyaya nyembamba zilizosikiliza umeme wa punje ile, na umeme ulichorwa kwenye skrini, mistari midogo inayoruka. Kwa sababu seli za ubongo, hata zikiwa hazina kichwa, zinaitana. Punje ya dada yangu iliitana kwa haraka kuliko yangu. Nilijivuna kama mjinga, nikamwambia jirani yangu wa meza, huyo ndiye dada, huyo hata cherehani yake inakwenda mbio. Profesa aliwaambia wageni wote kwamba punje hizi hazifikiri, hazioni wala hazihisi maumivu. Aliwaambia kabla hawajauliza. Nilimdharau kwa hilo.

Kazi yangu ilikuwa kuwalisha. Kila baada ya siku mbili nilinyonya maji ya zamani kwa mrija mwembamba, nikatia mapya, yenye sukari na chumvi na vyote vinavyohitajika, kwa kipimo, bila kukosea hata tone. Saba na nane walipata sawasawa. Nilikuwa makini mno. Wenzangu walinisifu, kama mama alivyonisifu, na mimi nilijua ninachofanya. Nilikuwa ninajifanya yule mtoto ambaye angekwenda mpaka dimbwi la mbali.

Ikafika siku ya sumu. Walitaka kuzitilia punje zote sumu ileile inayotoka katika muhogo mchungu, kidogo kidogo, waone zipi zitavumilia. Profesa, kwa heshima yake, akaona ni vizuri kazi hiyo ifanywe na mtu wa kule. Akanipa mrija mbele ya watu. Mmoja akapiga picha. Hivyo nikamtilia dada yangu sumu mara ya pili katika maisha yake, safari hii nimevaa glovu.

Nitasema nilichoomba. Niliomba punje ya dada yangu ife na yangu ipone. Kama ingekuwa hivyo, basi udhaifu ulikuwa katika nyama yake, alizaliwa nao, hata muhogo wa masiku manne ungeweza kumwangusha, na mimi sikufanya kitu. Nilisimama mbele ya skrini, mtu mzima, nikiomba hivyo kwa moyo wote. Mimi ninayewadharau watu kwa sababu ya mifuko ya suruali zao.

Mistari ya namba saba ilipungua. Mistari ya namba nane ilipungua. Zilikwenda pamoja, tone kwa tone, kama watu wawili walioshikana mkono wakiteremka ngazi, na siku ya pili skrini zote mbili zilikuwa tupu. Wakarudia kwa punje nyingine za ngozi zetu. Ikawa vilevile. Nyama ya dada yangu ilikuwa imara kama yangu.

Profesa hakusikitika hata kidogo. Nyama ni sawa, akasema, na chakula kilikuwa sawa, basi lazima pawe na kitu cha tatu. Akaishika karatasi yangu ya maswali, ile yenye alama kwenye Ndiyo, akaigonga kwa kidole, akasema kwamba hapa ndipo penye ajabu. Nilitazama kile kidole. Miezi michache baadaye alikuwa ameshatunga nadharia nzima. Kitu cha tatu kingekuwa katika maji ya uti wa mgongo. Ilibidi kurudi Kindu na kuwadunga wagonjwa sindano mgongoni, kuanzia wale ambao ndugu zao walikula chungu kimoja nao. Kuanzia dada yangu.

Walikuja nyumbani kwetu Mikelenge wote wawili, profesa na daktari, na kompyuta. Walimwonyesha picha ya namba saba. Dada yangu aliacha cherehani, akaitazama kwa muda.

"Njo mimi huyu?"

"Njo kipande cha bongo kilichotoka kwa ngozi yako, mama," daktari akasema.

"Iko nakula nini?"

"Sukari. Chumvi."

"Chumvi," dada yangu akasema, akaangalia upande wangu. "Inakula muzuri kuliko sisi wakati ule. Na iko na miguu?"

Daktari alitafsiri. Profesa alitabasamu, akasema hapana, haina miguu, haina chochote.

"Basi iko na bahati," dada yangu akasema, akarudisha kitambaa chini ya sindano ya cherehani.

Kisha wakamweleza habari ya sindano ya mgongo. Daktari alimwambia itauma kidogo, na kwamba atalala chali mpaka jioni, kichwa kikimuuma labda siku mbili tatu. Hakumwambia kwamba kwa mtu mwenye mwili uliokakamaa kama wake, kumkunja mgongo ili sindano ipite kunahitaji watu wawili wa kumshika. Nilijua mimi, kwa sababu mmoja wa hao wawili nilikuwa mimi. Dada yangu alikubali mara moja. Alisema kama itasaidia watoto wa watu, wadunge. Wakapanga Alhamisi. Profesa alimpa mkono, akaondoka ameridhika, na daktari ameridhika nyuma yake.

Jumatano, baada ya sala ya alasiri, nilivuta kigoda nikakaa kando ya cherehani yake. Alikuwa akishona kola za bluu.

"Yaya," nikasema, kama tunavyomwita dada mkubwa, "ile sindano ya kesho, usikubali."

"Sababu?"

"Hakuna kitu watapata mule."

"Wewe njo unajua kuliko profesere?"

"Ndiyo."

"Hiyo haishangazi. Wewe unajuaka kuliko watu wote."

Nikamwambia. Nilisema kila kitu, ndala ya bluu, kidimbwi cha karibu, usiku mmoja badala ya manne, vipande vyembamba juu ya jiwe. Nilimwambia habari za samaki, kwamba niliwala wote na vichwa, na kwamba ndiyo sababu mimi natembea. Nilimwambia habari ya alama kwenye Ndiyo. Nilimwambia hata nilichoomba mbele ya skrini. Muda wote mkono wake uliendelea kuzungusha gurudumu la cherehani, na kola ikaendelea kutoka upande wa pili.

Alipofika mwisho wa mshono akakata uzi kwa meno.

"Nani alikuwa anatwanga ile muhogo?"

"Wewe."

"Muhogo ya masiku ine ni mulaini. Hata ikikauka, unaigonga mara moja inakuwa unga. Yako ilikuwa inaruka inje ya kinu. Nilijua siku ya kwanza."

Akatia uzi tena katika sindano ya cherehani.

"Na vidole vyako vilinuka samaki. Muchanga hautoshaki harufu ya samaki, mudogo wangu. Ningekuambia, lakini ungejua kama minajua."

"Kwa nini haukusema kwa mama?"

Aligeuka kwenye kiti, taratibu, kama anavyogeuka, mwili wote kwa pamoja.

"Ningesema, mama angesimama na homa yake aende kule. Ao angenituma mimi. Nilikuwa na miaka kumi na sita. Unajua kwa ile njia walikuwa wanatafuta wa miaka gani. Na mimi niliogopa. Nikasema, tukule tu hii, vita itaisha."

Akachukua kola nyingine, akainyoosha juu ya paja, lakini hakuitia kwenye cherehani.

"Mama nilimuambia nyuma, wakati tulirudia huku. Nilimuonea huruma, na ile swali yake kila siku. Alilia. Kisha akasema, muache, njo mutoto, akikomaa atasema yeye mwenyewe. Usimuharakishe."

"Lakini aliendelea kuuliza, alimupa nini mutoto wake."

"Alikuwa anauliza mbele yako tu. Mbele yangu hakuuliza tena. Alikuwa anakungoja."

Nilikumbuka kitanda cha mama, na sauti yake inayouliza kama nina kitu cha kumwambia, na mimi nikimvuta shuka na kumwambia alale. Miaka yote nilijihesabu kuwa mjanja katika nyumba ya watu wasioona. Waliona, wakaninyamazia, wakanipa nafasi asubuhi na jioni, na mmoja wao alikufa nafasi ikiwa bado wazi. Sijawahi kumdharau mtu yeyote, hata mwenye suruali ya mifuko, kama nilivyojidharau pale juu ya kigoda. Nililia kwa sauti. Dada yangu aliniacha nilie, hakunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

"Basi," akasema mwishowe. "Kesho enda uandike ile karatasi vizuri. Na ukirudia ulete samaki. Unafikiri hatukuona? Tangu ile wakati, hujakula samaki mbele yetu hata siku moja."

Alhamisi nilikwenda hospitalini, nikamkuta profesa na daktari wanapanga sindano. Niliomba karatasi yangu. Nikaikata ile alama, nikatia nyingine kwenye Hapana, na pembeni nikaandika kwa mwandiko wangu mzuri: Nilikula samaki, yeye hakula. Daktari aliposoma aliwaza kwanza ripoti, nikaona uso wake ukihesabu nani ataambiwa nini. Profesa alisoma mara mbili. Sijui nilitegemea nini, labda hasira. Alifungua mfuko wa goti, kwa mara ya kwanza tangu nimjue, akatoa kijitabu, akaniuliza samaki walikuwa wa ukubwa gani na niliwala mara ngapi kwa wiki. Nilimjibu yote. Kisha akamwambia daktari arudishe sindano kabatini, hakuna tena sababu ya kumdunga yule mama.

Nikirudi nyumbani nilimsimamisha mwanamke wa beseni. Alinitazama kwa mashaka, maana alinijua. Nilichukua kambale wawili, nikawapika kwa mawese na pilipili, mikono yangu ikiwa imesahau, na mmoja akaungua upande. Dada yangu alikuja mezani kwa fimbo zake. Alimchukua yule aliyeungua, akamweka kwenye sahani yangu.

"Kula," akasema.

Nilikula. Alikaa akinitazama mpaka nikafika kwenye kichwa, nikala na kichwa, ndipo akavuta sahani yake.